Sufuria Inang'aa, Lakini Bibi Anasema Haijawa Tayari kwa Pasaka

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga, na tangu Oktoba iliyopita ninamtunza bibi mmoja wa Kiyahudi katika mtaa wa Golders Green, kaskazini mwa London. Bibi ni mjane mwenye miaka 84, na kwa kuwa alivunjika nyonga mwaka jana, hawezi kusimama jikoni zaidi ya dakika chache. Tunaelewana vizuri. Nilipofika alinionyesha mwenyewe jinsi jiko lake lilivyogawanywa: sufuria, sahani na vitambaa vyenye alama nyekundu ni vya nyama, vyenye alama ya buluu ni vya maziwa, na viwili hivyo havikutani hata kwenye sinki. Nilizoea upesi, kwa sababu nimelelewa katika nyumba ambamo halali na haramu si maneno mageni.

Sasa Pasaka yao inaingia jioni ya Jumatano, Aprili 1, na binti yake ameniachia orodha ya kurasa mbili ya mambo ya kufanya ili jiko lote lifae kwa siku nane bila hata chembe ya mkate. Miaka yote Bibi alifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Mwaka huu imeniangukia mimi, tena katika mwezi wa Ramadhani, na nimeanza vibaya.

Wiki iliyopita nilichukua sufuria kubwa ya chuma cha pua, nikaisugua kwa waya hadi ikawa kama kioo. Bibi aliitazama akasema haijawa tayari. Nikachemsha maji mengi na kuitumbukiza yote. Akaniuliza asubuhi ile nilikuwa nimepika nini ndani yake. Nilipomjibu kwamba ilikuwa supu yake ya shayiri, akatikisa kichwa na kusema maji yale yamekwenda bure. Mama, nilikwenda chumbani kwangu nikalia. Nilihisi kana kwamba ninaambiwa mikono yangu ni michafu.

Jambo la pili ni la wali. Mume wa binti yake ni Myahudi ambaye wazazi wake walitoka Moroko, na kwao Pasaka bila wali si Pasaka. Bibi, ambaye ukoo wake ulitoka Poland, anasema mchele hautaingia katika chungu chake hata siku moja ya Pasaka. Binti amenivuta pembeni akaniomba niupike kimyakimya na kumwambia mama yake kwamba umeletwa kutoka nje. Sipendi kumdanganya mzee, lakini binti ndiye anayenilipa.

Jambo la tatu linanihusu mwenyewe. Nina unga wa sembe, maharagwe na mchele wangu katika kabati la jikoni, chapati zangu ziko kwenye friza, na nina chungu cha udongo na mwiko nilivyokuja navyo kutoka nyumbani, ambavyo hupikia kunde zangu juu ya meko ya Bibi. Orodha haisemi lolote kuhusu vitu vyangu. Je, nivitupe? Na mimi nitakula nini kwa siku nane?

Wako,
Msaidizi wa Golders Green


Marahaba, mwanangu,

Nianze na yale machozi, kwa maana nimewahi kuyalia mimi pia. Nilifanya kazi miaka kumi na moja katika nyumba ya namna hiyo, mtaa wa Hendon, si mbali na ulipo, na siku ya kwanza mwenye nyumba aliposema kwamba jiko lake ni la kosha, mimi mtu wa Mombasa, ambako tunakosha vyombo kila tukimaliza kula, nilimjibu kwa fahari kwamba kukosha najua tangu utotoni. Ilinichukua Pasaka mbili kuelewa kwamba kosha yao haina uhusiano na kukosha kwetu. Neno lao lina maana ya kitu kinachofaa, kilichotimiza masharti, na sufuria inaweza kung'aa kama mwezi na bado isifae.

Wewe ni mtoto wa Tanga, na bila shaka madrasa ulipita. Bakuli lililorambwa na mbwa, kwetu sisi wafuasi wa Shafi, huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, hata kama mwenye macho makali hataona doa lolote. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba sheria hiyo inamtukana mwosha vyombo. Ya Bibi ni ya aina hiyo, ingawa sababu yake ni nyingine. Katika sheria ya Kiyahudi, chombo kilichopikiwa kwa moto huhesabiwa kuwa kimemeza ladha ya chakula, na ladha hiyo imejificha ndani ya chuma chenyewe, mahali ambapo waya wako haufiki. Kanuni yao husema kwamba kama chombo kilivyomeza, ndivyo kitakavyotema: kilichomeza kwa maji yanayochemka kitatema kwa maji yanayochemka, na kilichomeza kwa moto mkavu kitatema kwa moto mkavu. Msingi wake wanaupata katika Taurati, kitabu cha Hesabu sura ya 31, ambako Waisraeli waliagizwa kupitisha katika moto vyombo vya dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati na risasi walivyoviteka.

Kitu kinachotafutwa kutolewa wanakiita hametsi. Ni chochote kilichotokana na nafaka tano, yaani ngano, shayiri, rai, oti na ngano ya kale iitwayo spelti, baada ya kukutana na maji na kupata nafasi ya kuumuka. Muda wa kuumuka umehesabiwa kuwa dakika 18, na ndiyo maana matsa, ule mkate wao mkavu kama kaki, hukandwa na kuokwa mbiombio kabla dakika hizo hazijaisha. Kwa hiyo usidhani kwamba hametsi ni mkate wenye hamira peke yake. Chapati isiyo na hamira ni hametsi, tambi ni hametsi, bia ni hametsi, na supu ya shayiri uliyompikia Bibi ilikuwa hametsi kamili. Katika siku nyingine za mwaka, kitu kisichofaa kikidondokea katika chakula kinachofaa mara nyingi huhesabiwa kuwa kimepotea humo kikiwa chini ya sehemu moja kwa sitini. Hametsi ndani ya Pasaka haina msamaha huo, hata chembe huharibu chungu kizima. Tena kuila si kosa pekee: kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinakataza hata isionekane nyumbani. Bibi hakuwa akikuonea.

Sasa kwa nini maji yako yalikwenda bure? Kwa sababu sufuria haikuwa imepumzika. Desturi ni kwamba chombo kisitiwe chakula wala maji ya moto kwa saa 24 kamili kabla ya kuchemshwa, kwani baada ya usiku na mchana mmoja ladha iliyomo huhesabiwa kuwa imechacha na kupoteza nguvu. Ukiichemsha siku ileile, ladha ingali hai, itatoka na kuingia katika maji, na maji yatairudisha. Habari njema ni kwamba sufuria haikuharibika. Kama hujaipikia tangu siku ile, imekwisha kupumzika kuliko inavyohitajika, na unaweza kuirudia.

Fanya hivi. Ifungue vishikio kama vina skrubu na utoe uchafu wa kwenye maungio, maana hapo ndipo mabaki halisi hukaa, na uchafu unaoonekana haufai kuwepo wakati wa kuchemsha. Chombo kidogo kitumbukizwe chote ndani ya maji yanayotokota, si yanayotoa mvuke tu, kisha kitolewe na kusuuzwa kwa maji baridi. Vijiko usivitie vyote kwa mkupuo vikalaliana, kwa sababu pale vinapogusana maji hayafiki. Sufuria kubwa isiyoingia ndani ya nyingine ijazwe maji hadi ukingoni, ichemke, halafu udumbukize jiwe au kipande cha chuma kilichopashwa moto sana ili maji yafurike na kumwagika juu ya mdomo wake pande zote. Vaa viatu, usifanye kazi hiyo na malapa. Ukiona ni hatari kwako, fahamu kwamba siku za kabla ya Pasaka mitaa ya Wayahudi wengi huwa na mahali palipowekwa mapipa ya maji yanayochemka, na watu hupeleka vyombo vyao huko chini ya usimamizi wa anayejua. Mwambie binti avipeleke kwa gari.

Si kila chombo hukubali maji. Trei za kuokea na nyavu za kuchomea nyama zilimeza kwa moto mkavu, kwa hiyo nazo hutaka moto mkali. Kikaango chenye utando usioshika chakula kitaharibika kwa moto huo, basi hufungiwa kabatini mpaka sikukuu iishe. Ndivyo ilivyo pia kwa kibaniko cha mkate, chujio la unga, mashine ya kukandia ambayo vumbi la unga limeingia hadi kwenye mota, na kibao cha mbao chenye nyufa. Udongo haufanyiwi lolote: kitabu cha Walawi, sura ya 6, kinaamuru chungu cha udongo kivunjwe pale ambapo cha shaba kingesuguliwa na kusuuzwa. Kauri huchukuliwa kama udongo. Kuhusu glasi, Waashkenazi, yaani watu wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki kama Bibi, ni wakali zaidi kuliko Wasefaradi wa asili ya Hispania na Afrika ya Kaskazini, ambao wengi wao huiosha tu. Plastiki hata marabi wenyewe, yaani wanazuoni wao wa sheria, hawakubaliani, kwa hiyo usiamue wewe. Sidhani kama Bibi atakuwa na haja kubwa ya kuchemsha vyombo vingi. Mwanamke aliyeshika Pasaka miaka sitini lazima ana masanduku ya vyombo vya Pasaka pekee, mahali fulani juu ya dari, seti ya nyama na seti ya maziwa, kwani ule mgawanyo wa nyekundu na buluu haupumziki hata wiki hiyo. Muulize kabla hujachemsha jiko zima.

Kuhusu mpango wa siku, mwaka huu kalenda imekaa kwa namna inayotaka uangalifu. Ramadhani itakwisha na Idi itapita karibu na Machi 20, kwa hiyo kazi nzito inaweza kusubiri hadi utakapokuwa umekula na kunywa. Wiki inayofuata anza na vyumba: mifuko ya makoti, mikoba, mikunjo ya kiti cha magurudumu, chini ya matakia ya sofa anapopenda kula biskuti. Hapo unatafuta chakula, hutafuti vumbi. Marabi wengi hurudia kusema kwamba vumbi si hametsi, na nyumba nyingi huchoka bure kwa kufua mapazia na kupangusa dari kwa jina la Pasaka. Ikiwa orodha ya binti ina mapazia, na ninashuku kwamba inayo, muulize kwa adabu kama hilo ni la Pasaka au ni la usafi wa kila mwaka, kisha la usafi lisubiri Mei.

Friji iondolewe rafu zote, zioshwe, na mpira wa mlango ufunguliwe mikunjo yake kwa kijiti, kwa sababu chembe za mkate hupenda kulala humo. Oveni isafishwe kwa dawa yake, ipumzike saa 24, kisha iwashwe katika joto la juu kabisa. Wengi hutaja saa moja, nawe ufuate muda atakaoutaja rabi wa Bibi. Vyuma vya juu ya meko ya gesi huweza kuingia katika oveni hiyohiyo. Sinki la chuma cha pua likaushwe, kisha limiminiwe maji yanayochemka kutoka kwenye birika sehemu baada ya sehemu, ili maji ya moto yenyewe yaguse kila mahali badala ya kuteremkia pale yakiwa yameshapoa. Sinki la kauri halikubali, utawekewa beseni ndani yake. Meza na kaunta hufunikwa.

Jumamosi ya Machi 28 ni Sabato, na hakuna kazi. Jumapili, Machi 29, ndiyo siku ningependa usimamishe chakula cha moto chenye hametsi: wewe na Bibi mle mkate kwa vitu baridi, kwenye sahani za karatasi, mezani pa sebuleni, ili sinki na oveni vianze kupumzika. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo saa za Uingereza husogezwa mbele, basi ukianza kuhesabu saa 24 kuanzia Jumamosi usiku, utakuwa umepunjwa saa moja na saa ya ukutani haitakuambia. Jumatatu umimine maji yako ya moto. Jumanne uteremshe masanduku.

Jumanne hiyo usiku ndipo hametsi hutafutwa rasmi kwa mshumaa, unyoya na kijiko cha mti. Watu wa nyumba huficha vipande kumi vya mkate, kila kimoja kimefungwa katika karatasi, kisha wanavitafuta gizani na kutamka kwa Kiaramu kwamba chochote ambacho hawakukiona kihesabiwe kuwa kama mavumbi ya nchi. Kuficha waachie wajukuu, lakini wewe simama karibu na karatasi na kalamu, uandike kila kipande kilipowekwa. Mwaka wangu wa tatu tulipata vipande tisa. Cha kumi kilikuwa nyuma ya kipasha joto cha ukutani, na mtoto aliyekificha alikuwa amelala. Tulimwamsha saa tano usiku. Asubuhi ya Jumatano vipande hivyo huchomwa kabla ya saa iliyoandikwa katika kalenda ya sinagogi, na kuanzia hapo hakuna hametsi hadi sikukuu iishe.

Mwaka huu kuna jambo jingine. Sikukuu ya siku mbili za kwanza inaangukia Alhamisi na Ijumaa, na Sabato inafuata papo hapo. Siku za sikukuu kupika kunaruhusiwa kwa moto uliokuwa umewashwa tangu awali, lakini kwa mahitaji ya siku hiyohiyo tu, si ya kesho. Ili waweze Ijumaa kuandaa chakula cha Sabato, Jumatano kabla ya jua kutua Bibi ataweka kando matsa pamoja na chakula kilichopikwa, mara nyingi yai, na kusoma maneno yake. Wanaita eruvu tavshilini. Ukimkuta ameweka yai na matsa kwenye sahani juu ya rafu usivipangue ukidhani vimesahauliwa. Mimi nililila lile yai.

Utaona pia kwamba Bibi, hata kwa nyonga yake, atataka kuwasha meko yeye mwenyewe. Chakula kilichopikwa na asiye Myahudi kina masharti yake, na kwa Waashkenazi inatosha Myahudi awe ameshiriki kwa kuwasha moto. Kazi iliyobaki ni yako. Mwekee kiti karibu na meko na umwachie afanye. Mvinyo uliofunguliwa usiushike wala usiwamiminie, isipokuwa wakikuambia ni ule uliochemshwa kiwandani. Hapo hamna la kugombania, kwani wewe huutaki na wao hawataki uuguse.

Jambo moja liko juu ya yote hayo nami sitalipunguza. Katika msukumo wa kutoa kila kitu usimwondolee Bibi dawa yake hata moja. Marabi wengi huruhusu vidonge vya kumeza visivyo na ladha, na mgonjwa hajaamriwa kuacha dawa kwa ajili ya Pasaka. Dawa za maji zenye ladha au virutubisho viulizwe mapema kwa rabi na kwa mfamasia, wala visisimamishwe wakati jibu linasubiriwa.

Nije kwenye wali. Mchele, mahindi, maharagwe, kunde, dengu, adesi, njegere, mtama, ufuta na haradali vimo katika kundi wanaloliita kitniyoti. Si hametsi. Wayahudi wa Ulaya walianza kujinyima vitu hivyo, na desturi hiyo inajulikana tangu karne ya 13 huko Ufaransa. Sababu zinazotajwa ni kwamba viliweza kuchanganyika na ngano magunia yakikaa pamoja, na kwamba husagwa na kupikwa kama nafaka zilizokatazwa. Wasefaradi wengi hawakuipokea. Familia zao nyingi hula wali wa Pasaka, ila huuchagua mara tatu, punje kwa punje, wakitafuta ngano iliyopotea, na nadhani ukiwaona utakumbuka akina mama wa nyumbani na ungo zao barazani. Nchini Marekani kamati ya sheria ya Wayahudi wa mrengo wa Conservative iliruhusu kitniyoti kwa wote mwaka 2015, lakini Bibi wa ukoo wa Poland katika mtaa wa Golders Green hahusiki na kamati hiyo.

Tambua pia kwamba binti si mkaidi. Mwanamke aliyeolewa na Msefaradi kwa kawaida hufuata desturi za mumewe, kwa hiyo yawezekana nyumbani kwake amekula wali Pasaka zote tangu aolewe, na kwake ni chakula halali kabisa. Kila mmoja ana haki katika jiko lake. Hili ni jiko la mama. Ninakukataza, mwanangu, kuupika kwa siri, na sababu yangu si uongo pekee: Bibi anajua kila sufuria yake ilipopita, na siku atakapogundua, hatakuamini tena hata ukimwambia kwamba hii ni ya nyama na hii ni ya maziwa, na bila imani hiyo huwezi kufanya kazi katika nyumba ya kosha. Mwambie binti, mkiwa wawili na bila kupandisha sauti, maneno kama haya: "Dada, mimi wali ninaujua kuliko chakula chochote, lakini siwezi kuupika humu bila Mama kujua. Zungumza naye wewe, au upikwe nyumbani kwako." Wakikubaliana wenyewe kwamba uje umepikwa kwa binti, uliwe kwenye sahani zilizotoka huko, hilo ni lao. Wewe pika viazi. Viazi mviringo, viazi vitamu na ndizi za kupika havimo katika katazo lolote, na mkwe aliyetoka katika mapishi ya Moroko akiwekewa viazi vilivyokolezwa bizari ya manjano, ndimu na giligilani mbichi hatakuwa na uso wa kulalamika. Bizari hiyo inunuliwe yenye alama ya Pasaka, kwani viungo vya kusagwa kiwandani huweza kuchanganywa na unga. Baraza la marabi la London Beth Din hutoa orodha ya bidhaa za Pasaka kila mwaka, na hiyo ndiyo ya kubeba dukani.

Vitu vyako usivitupe. Sheria inamkataza Myahudi kumiliki hametsi, na chapati zako ni mali yako, si ya Bibi. Hata hivyo haziwezi kukaa katika friza yake wala kuliwa mezani pake. Uzile kabla ya Pasaka au umpelekee rafiki azihifadhi. Sembe, mchele na maharagwe si hametsi, na hata Waashkenazi hawalazimiki kuviondoa nyumbani, lakini vihamishie chumbani kwako katika sanduku lililofungwa, ili Bibi asivione kila akifungua kabati. Chungu na mwiko uvihifadhi humohumo, na kwa siku hizo usivitie juu ya meko yake kabisa. Kama chungu hicho kimewahi kuguswa na chapati au mchuzi uliotiwa unga wa ngano, mwambie Bibi sasa kwamba kilikaa juu ya meko yake, naye atajua vyuma vile vipashwe moto vipi.

Kuhusu utakachokula, wakati wa Pasaka wao hawaruhusiwi kukulisha hametsi yao wala kukununulia mkate, na ikiwa chakula ni sehemu ya mapatano yenu ya kazi, omba mapema fedha za kununua chako. Zungumza na binti mkubaliane kwa maneno yaliyo wazi kama unaweza kula vitu vyako chumbani kwako mlango ukiwa umefungwa, au ule nje ya nyumba. Mimi nilichagua nje: nilikuwa nikitembea dakika ishirini hadi kwa rafiki wa Lamu, nikala wali wa nazi, nikaosha mikono na kinywa, nikarudi. Siku nyingine nilikula cha kwao, na kusema kweli kuku wa supu yao akiwa na yai la kuchemsha si chakula cha kukimbia.

Limebaki kabati litakalofungwa kwa utepe. Wiski, tambi, unga na kila hametsi ya Bibi isiyotupwa itauzwa kwa mtu asiye Myahudi, kwa hati, kupitia rabi wake. Ni mauzo ya kweli, na kwa siku nane vitu vile si vyake. Kwa hiyo usifungue kabati hilo hata kuchukua chumvi, na uangalie siku ya mwisho: sikukuu itakwisha Alhamisi, Aprili 9, nyota zikionekana, lakini rabi anahitaji muda wa kuvinunua tena, na kalenda ya sinagogi itaandika saa. Mpaka saa hiyo ifike, hata kama wajukuu wamesimama mlangoni wakiomba biskuti, utepe ubaki ulipo.